Kutoka Mchoro hadi Ghalani: Mwongozo wa Kusimamia Bidhaa Mpya Kiwandani

Bidhaa mpya nyingi hazifi kwa kukosa wazo zuri. Zinafia njiani, pale mchoro unapotoka ofisini kuingia karakana na fomeni anauangalia kwa mara ya kwanza. "Injinia, hii skrubu ya nne iko chini ya betri. Opereta ataifunga huku ameishika betri kwa mkono upi?" Swali hilo likiulizwa wakati mchoro bado ni wa penseli, linajibiwa kwa kifutio. Likiulizwa baada ya kuchongwa kalibu, yaani umbo la chuma linalomiminiwa plastiki, jibu lake ni miezi na fedha.

Mwongozo huu ni kwa yeyote aliyekabidhiwa bidhaa mpya aifikishe sokoni, hasa katika kiwanda kidogo au cha kati ambacho hakina idara kubwa ya utafiti. Mfano wetu utakuwa taa ya mkononi ya kuchaji: ganda la plastiki, lenzi, swichi, betri, bodi ndogo ya umeme na skrubu nne. Ni kitu kidogo, lakini shida zote za bidhaa kubwa zimo ndani yake.

Hatua ya 1: Weka mwenye mradi, kisha jaza meza

Teua mtu mmoja atakayeulizwa mambo yakikwama. Toyota kwa miongo mingi imeweka mhandisi mkuu mmoja kwa kila gari, naye hulibeba tangu wazo hadi uzalishaji, ingawa wengi wanaofanya kazi ya gari hilo hawako chini yake kiutawala. Nguvu yake inatokana na kuijua bidhaa na kusikilizwa na wakubwa. Kamati haiwezi kufanya kazi hiyo. Kamati ikiulizwa kwa nini lenzi imechelewa, kila mjumbe humtazama mwenzake.

Kwenye meza ya mwenye mradi wakae watu wa mauzo, usanifu, uzalishaji, ununuzi, ubora na uhasibu. Ongeza fundi wa matengenezo anayepokea bidhaa zenu zinazorudi, kwa sababu ndiye anayejua swichi gani hufa kwanza. Fomeni wa laini ya uzalishaji aitwe kuanzia kikao cha kwanza. Wapo wasanifu wanaoona hilo ni mapema mno, eti bado hakuna cha kumwonyesha. Mwonyesheni penseli.

Hatua ya 2: Andika tatizo kabla ya kuandika bidhaa

Karatasi ya kwanza ya mradi iwe ya ukurasa mmoja, na isitaje umbo wala rangi. Iseme nani anapata shida gani, anaitatua vipi sasa, na nini kinamuudhi katika njia hiyo. Kwa taa yetu, "taa yenye lumeni 300" (lumeni ni kipimo cha mwanga) si tatizo. Tatizo ni hili: "Mlinzi wa usiku anahitaji mwanga wa kutosha zamu nzima, ataidondosha sakafuni mara kwa mara, na ataishika kwa mkono uliolowa." Sentensi hiyo moja inakupa muda wa betri, jaribio la kudondosha na kinga ya maji.

Nenda ukaone mtumiaji anavyofanya, usitosheke na anachosema. Swali baya hupata jibu zuri lisilo na faida. Kampuni ya Coca-Cola ilipotaka kubadilisha ladha ya kinywaji chake, ilifanya majaribio ya kuonja kwa watu wanaokaribia 200,000, na ladha mpya ikashinda. Ilitangazwa Aprili 1985. Julai ya mwaka huohuo kampuni ikatangaza kuirudisha ya zamani, kwa sababu ya hasira ya wateja. Waonjaji waliulizwa ipi tamu zaidi, hawakuulizwa watajisikiaje ile waliyoizoea ikiondolewa kabisa.

Kisha geuza mahitaji kuwa vipimo. "Imara" haipimiki. "Idondoke kutoka mita 1.5 juu ya zege mara 10, pande zote, na bado iwake" inapimika, na fundi wa maabara hahitaji kukupigia simu kuuliza ulimaanisha nini.

Hatua ya 3: Anza na bei, shuka hadi gharama

Viwanda vingi hupiga hesabu kinyume: hujumlisha gharama, huongeza faida, halafu hushangaa bidhaa haiuziki. Anza na bei ambayo mteja atakubali kulipa, kisha shuka. Tuseme dukani taa itauzwa kwa 100. Kodi na fungu la muuzaji vikiondoka na 35, kiwanda kinabaki na 65. Mkitaka faida ya 13, gharama yote isizidi 52. Ndani ya hiyo 52 zinaingia malighafi, kazi, umeme, vifungashio, usafirishaji, taa zitakazoharibika kwenye laini, zitakazorudi ndani ya udhamini, na kalibu.

Kalibu ndiyo husahaulika. Ikigharimu 60,000 na mkauza taa 20,000, kila taa inabeba 3. Mkiuza 5,000 tu, kila moja inabeba 12, yaani 9 zaidi ya mlizohesabu, na faida yenu ya 13 imebaki 4. Hapo ndipo mtu wa mauzo anapaswa kubanwa kuhusu makadirio yake, na mhasibu ndiye ambane.

Gawa gharama lengwa kwa kila sehemu: ganda hivi, betri hivi, bodi hivi. Jedwali hilo liwe mezani kila kikao. Msanifu anayetaka skrubu ya tano aseme atapunguza wapi.

Hatua ya 4: Jenga malango, na uwe tayari kuyafunga

Utaratibu wa kugawa mradi katika awamu, kila awamu ikiishia kwenye lango la maamuzi, ulipata umaarufu kupitia kazi za Robert Cooper katika miaka ya 1980, na kampuni nyingi za viwanda zinautumia kwa namna moja au nyingine. Kwa kiwanda cha kawaida malango matano yanatosha: wazo, mpango na hesabu, usanifu, majaribio, na kuanza uzalishaji.

Kosa la kawaida ni kugeuza lango kuwa kikao cha kupongezana. Lango lina majibu manne tu: endelea, rudi ukakamilishe, simama kwanza, au acha kabisa. Kama miaka miwili imepita na hakuna mradi hata mmoja uliosimamishwa, basi kiwanda chako hakina malango, kina vikao. Kuacha mradi kwenye lango la pili ni nafuu, na mwenye mradi aliyependekeza uachwe asionekane ameshindwa. Hili la mwisho ni jambo la mkurugenzi. Watu wakiona mwenzao ameadhibiwa kwa kusema kweli, taarifa zote zinazofuata zitakuwa nzuri hadi siku bidhaa itakapoanguka.

Vigezo vya kila lango viandikwe kabla, na tarehe isiwe kigezo. Boeing ilionyesha ndege yake ya 787 hadharani tarehe 8 Julai 2007, kama ilivyopangwa. Ndani ilikuwa tupu, na sehemu nyingi zilishikiliwa na vifungio vya muda kwa sababu vile halisi havikupatikana vya kutosha. Ndege ya kwanza ilitarajiwa kumfikia mteja mwaka 2008. Ilimfikia Septemba 2011.

Hatua ya 5: Tengeneza sampuli, kila moja na swali lake

Kabla hujatengeneza sampuli yoyote, andika juu ya karatasi: sampuli hii inajibu nini? Ya udongo au ubao inajibu kama taa inakaa vizuri mkononi. Ya mashine ya kuchapa vitu kwa tabaka inajibu kama sehemu zinaingiana. Lakini hiyo ya kuchapwa usiidondoshe kutoka mita 1.5 halafu ukatoa uamuzi, maana huwa dhaifu pale tabaka zinapoungana, na haikwambii lolote kuhusu plastiki itakavyojikunja ikipoa ndani ya kalibu.

Mvumbuzi Mwingereza James Dyson anasema alitengeneza sampuli 5,127 kabla ya kuridhika na mashine yake ya kufagia vumbi isiyotumia mfuko. Watu hupenda kuisimulia habari hiyo kama hadithi ya uvumilivu. Mimi naona la maana zaidi ni kwamba alibadilisha jambo moja kila mara, hivyo alijua kilicholeta tofauti. Ukibadilisha lenzi, swichi na betri kwa pamoja na taa ikawaka vizuri zaidi, hujajifunza kitu.

Sasa tukae kidogo kwenye toleransi, yaani kiasi ambacho kipimo kinaruhusiwa kuzidi au kupungua, kwa sababu hapa ndipo michoro mizuri huharibikia. Ndani ya taa yetu kuna sehemu tano zinazopangwa moja juu ya nyingine: ganda la chini, kishikizo cha bodi, lenzi, pete ya mpira ya kuzuia maji, na ganda la juu. Kila moja imeruhusiwa kuzidi au kupungua milimita 0.1. Kila moja peke yake itapita ukaguzi. Zote zikipungua kwa pamoja, kimo kinapungua milimita 0.5, mpira haubanwi tena, na maji yanaingia. Zote zikizidi, ganda halifungi na opereta atalazimisha skrubu mpaka plastiki ipasuke. Kwa kawaida haziendi zote upande mmoja. Ukijumlisha miraba ya hizo 0.1 na kutafuta kipeuo cha pili unapata kama milimita 0.22, na wasanifu wengi huitegemea namba hiyo. Itegemee pale tu unapojua mashine zimetulia na vipimo vinaelea katikati ya mchoro. Kama sehemu zinatoka kwa msambazaji mpya, panga kwa 0.5.

Hatua ya 6: Tafuta itakavyoharibika

Jeshi la Marekani liliandika utaratibu wa kuchambua namna vitu vinavyoweza kuharibika mwaka 1949, na viwanda vya magari baadaye vikaufanya wa kwao. Kaeni na orodha ya sehemu zote. Kwa kila moja jiulizeni: itaharibika vipi, mteja ataona nini, chanzo ni nini, na sisi tutaigunduaje kabla haijatoka. Kisha toeni alama 1 hadi 10 kwa ukubwa wa madhara, 1 hadi 10 kwa uwezekano wa kutokea, na 1 hadi 10 kwa ugumu wa kuigundua.

Desturi ya zamani ilikuwa kuzidisha alama hizo tatu na kushughulikia zenye namba kubwa. Iangalie kwa makini. Betri kupata moto kupita kiasi: madhara 10, uwezekano 2, ugunduzi 2, zao lake 40. Swichi kuwa ngumu: 4, 5 na 5, zao lake 100. Hesabu inasema anza na swichi, wakati betri inaweza kumchoma mtu. Ndiyo maana mwongozo wa pamoja wa vyama vya sekta ya magari vya Marekani na Ujerumani uliotolewa 2019 uliacha kuzidisha, ukatumia majedwali ya kipaumbele yanayotazama madhara kwanza. Kiwandani kwako kanuni rahisi ni hii: chochote chenye madhara 9 au 10 kinashughulikiwa, hata kama namba nyingine ni ndogo.

Hatua ya 7: Agiza kalibu na ufunge mikataba

Usiagize kalibu kabla lango la usanifu halijapita. Kabla ya kusaini, mpe mchonga kalibu mchoro na umuulize angebadilisha nini. Atakuonyesha ukuta mnene utakaobonyea plastiki ikipoa, mbavu (vijiukuta vya kuimarisha ganda kwa ndani) ambazo zingetosha kuwa nusu ya unene wa ukuta, na upande ulionyooka kabisa ambao utang'ang'ania chuma wakati wa kutolewa. Kwa vipimo nyeti, mwambie aache chuma cha ziada. Kupunguza chuma kwenye kalibu ni kazi ya saa chache, ila kukiongeza kunahitaji kuchomelea na kuchonga upya.

Plastiki iamuliwe sasa na isibadilishwe. Plastiki ya ABS husinyaa kwa takriban asilimia 0.4 hadi 0.7 ikipoa, ile ya polipropilini asilimia 1 hadi 2.5. Kwa ganda la milimita 100, kalibu ileile inaweza kukupa maganda yanayotofautiana kwa zaidi ya milimita moja kwa kubadilisha gunia la malighafi tu. Mtu wa ununuzi aliyeona polipropilini ni nafuu aelezwe hilo mapema, tena kwa upole, maana anafanya kazi yake.

Betri za lithiamu zina njia yake. Lazima aina hiyo iwe imefaulu majaribio ya usafirishaji ya Umoja wa Mataifa, yanayojulikana kama UN 38.3. Bila karatasi hiyo mzigo hukwama. Iombe kwa msambazaji kabla ya kulipa.

Hatua ya 8: Jaribu idadi inayotosha

Taa tatu zimedondoshwa, zote zimewaka, watu wamepiga makofi. Zinathibitisha nini? Kidogo sana: kwa uhakika wa asilimia 95, unaweza kudai tu kwamba angalau asilimia 37 ya taa zako zitafaulu. Ukitaka kudai asilimia 95 kwa uhakika huohuo, jaribu taa 59 na isishindwe hata moja. Ukitaka asilimia 99, jaribu 299.

Si kila jaribio linastahili taa 299. Rangi ya nembo haistahili. Usalama wa betri unastahili gharama utakayoimudu. Gawa majaribio kwa kufuata jedwali la Hatua ya 6, na taa zijaribiwe zikiwa zimetoka kwenye kalibu halisi, zimefungwa na opereta halisi. Zile zilizofungwa na msanifu mwenyewe mezani kwake, kwa bisibisi yake nzuri, usizihesabu.

Hatua ya 9: Uzalishaji wa majaribio

Endesha laini kwa zamu nzima, kwa kasi ile itakayotumika baadaye, na malighafi ya kununuliwa kwa njia ya kawaida. Msanifu asimame pembeni, mikono nyuma, asiseme kitu. Opereta asome karatasi ya maelekezo tu. Kila anaposita, anapogeuza ganda mara mbili, anapotafuta skrubu iliyoanguka, kuna mtu anaandika. Orodha hiyo ina thamani kuliko ripoti yoyote ya maabara. Rudia jambo hilohilo zamu ya usiku.

Pima pia uwezo wa mchakato, yaani laini inavyoweza kubaki ndani ya vipimo. Tuseme ganda linatakiwa kuwa milimita 50, kuzidi au kupungua 0.2. Mmepima maganda 50, wastani ni 50.08 na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi maganda yanavyotawanyika kutoka wastani) 0.04. Kutoka wastani hadi ukomo wa karibu, 50.20, ni 0.12. Gawanya kwa mara tatu ya mkengeuko, yaani 0.12, unapata 1.0. Huenda maganda yote 50 yako ndani ya vipimo, lakini viwanda vingi hudai isipungue 1.33, kwa hiyo bado. Hapa tiba ni rahisi: sogeza wastani urudi 50.00, na uwezo unapanda hadi 1.67 bila kugusa kitu kingine.

Hatua ya 10: Linda mchoro uliokubaliwa

Baada ya lango la majaribio, mchoro una namba ya toleo na haubadilishwi kwa maneno ya mdomo. Kila badiliko lina fomu fupi: nini, kwa nini, nani ameguswa, ni jaribio lipi litarudiwa, na akiba iliyopo ghalani itafanywaje. Matoleo ya zamani yaondolewe kwenye kuta za karakana siku hiyohiyo.

Kubadilisha msambazaji ni kubadilisha bidhaa. Samsung ilitoa simu ya Galaxy Note 7 Agosti 2016, baadhi zikashika moto, ikazikusanya na kugawa nyingine zenye betri za msambazaji wa pili. Nazo zikashika moto. Oktoba uzalishaji ukasimamishwa kabisa. Uchunguzi wa kampuni uliotangazwa Januari 2017 ulionyesha kasoro mbili tofauti: betri za kwanza ziliminywa kwenye kona, za pili zilikuwa na mabaki ya kuchomelea. Presha ya tarehe inapokuwa kubwa, ndipo fomu ile fupi inapoonekana usumbufu.

Hatua ya 11: Toa kidogo, kisha kabidhi

Mzigo wa kwanza upeleke eneo moja au kwa wateja wachache mnaoweza kuwafikia. Kila taa iwe na namba ya kundi lake, ili likitokea tatizo mkusanye kundi moja, si taa zote. Taa zinazorudi zifunguliwe na timu ya mradi yenyewe, na chanzo kiandikwe kwa kifungu cha maneno mahususi: "waya wa swichi umekatika kwenye kiungo", wala si "haiwaki".

Miezi mitatu ya kwanza mwenye mradi bado anawajibika. Baada ya hapo fanya kikao cha makabidhiano kwa meneja wa uzalishaji. Akabidhiwe michoro ya toleo la mwisho, orodha ya vipuri na malighafi yenye wasambazaji waliokubaliwa, jedwali la hitilafu, maelekezo ya opereta, sampuli mbili zilizosainiwa za kulinganishia, ratiba ya kusafisha kalibu, na gharama halisi ya taa moja ikiwa kando ya ile 52 mliyoanza nayo. Kama hazilingani, tofauti hiyo iwe ajenda ya kwanza ya kikao, kabla ya mtu yeyote kusaini.